Chai Newala? Panda mchaichai, ila uukinge dhidi ya salfa ya mikorosho

Mzee mmoja wa huku Newala, Mtwara, alinijia na miche sita ya chai, kaifunga kwenye mfuko wa sandarusi. Mwanawe anayefanya kazi Njombe ndiye aliyemletea. "Bwana shamba, kule wanachuma kila baada ya wiki mbili, sisi korosho mara moja kwa mwaka. Nionyeshe pa kupanda." Tuliipanda nyuma ya jiko. Ilipofika Septemba ulikuwa umebaki mmoja, majani yameungua kingo.

Udongo si tatizo sana. Chai hupenda udongo wenye tindikali, pH 4.5 hadi 5.5, na huku kwetu, uwanda wa Makonde, hatuko mbali na hapo. Kinachoiua ni kiangazi. Chai inataka mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka, tena iliyotawanyika. Yetu ni ya msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, Mei imekata, na mchanga wetu haushiki maji. Hata ukimwagilia, jani bichi linatakiwa kiwandani siku ileile, na viwanda viko Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara.

Na anayekuuzia "mbegu ya chai ya kijani" mnadani, mwache apite. Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe zote hutoka kwenye mmea mmoja. Ya kijani hupashwa moto mapema ili isigeuke rangi. Nyeusi husagwa, ikaachwa hewani mpaka iwe kahawia. Mmea wenyewe una jamii mbili kubwa: ya Kichina, yenye jani dogo na inayostahimili baridi, na ya Assam, yenye jani pana, inayopenda joto lenye unyevu. Joto letu la Oktoba halina unyevu huo.

Mchaichai si chai, ni nyasi, na huku unakubali. Chimbua shina kubwa, lipasue vipande vyenye machipukizi mawili au matatu, kata majani ubakize kama shubiri moja. Panda mvua za kwanza zikishalowesha udongo vizuri. Wengi hupanda sentimita 60 kwa 60; mimi napendelea 60 kwa 90, jembe lipite bila kukata mashina. Weka konzi mbili za samadi ya mbuzi iliyooza kwa kila shimo. Usifukie shingo, itaoza. Usipande chini ya mkorosho pia, maana kivulini jani hurefuka na harufu hupungua.

Baada ya miezi minne au mitano, kata kwa kisu kikali sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Rudia kila miezi miwili au mitatu maadamu udongo una unyevu. Kiangazi kikikaza, uache upumzike. Kausha kivulini kwenye chanja, ukigeuza. Jani lililokauka sawasawa huvunjika kwa mlio na bado ni la kijani. La juani huwa kama nyasi za kuezekea.

Sasa salfa. Kuanzia Juni hivi tunaipulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, alfajiri majani yakiwa na umande, na vumbi lile halijui mpaka wa shamba. Pitisha kidole kwenye jani la mchaichai asubuhi hiyo: kinatoka cha njano. Hilo si la kunywa. Kwa hiyo panda upande upepo unakotokea, mbali na mikorosho, ya jirani ikiwemo. Fanya mkato wa mwisho Mei, ukaushe, uhifadhi. Majani yaliyovumbikwa yakate ukatandaze shambani, kisha subiri yatakayochipua mvua zikirudi. Dawa za maji ni vivyo hivyo.

Mzee ana mistari mitatu ya mchaichai sasa. Ule mche mmoja wa chai bado anaumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Anasema mwanawe akija likizo asikute shimo.