Unataka kukusanya sarafu za Marekani ya ukoloni? Anza na hizi

Wadau wa sarafu, kama unataka zile zilizozunguka kwenye makoloni ya Marekani kabla ya uhuru usikimbilie shilingi ya Massachusetts yenye mti wa msonobari, bei yake inatisha na feki ni nyingi mno, halafu mwaka unachanganya maana nyingi zimeandikwa 1652 ila ziliendelea kugongwa, yaani kutengenezwa, miaka mingi baadaye. Anza na fedha ya Kihispania, kwa kweli ndo ilikua pesa yao ya kila siku, na iliendelea kutambulika kisheria Marekani mpaka 1857! Tafuta sarafu za reale 1 au 2 (reale ndo kipimo cha fedha hiyo ya Kihispania) zilizogongwa Mexico kati ya 1732 na 1771, zile zenye nguzo mbili na dunia mbili katikati, hata ikiwa imelika au imetobolewa we chukua tu, imepita mikononi mwa watu kweli na bei inakua nafuu.

Ukipanda kwenye reale 8 nenda na mzani mdogo, inatakiwa iwe kama gramu 27, ikipungua sana au ikinasa sumaku achana nayo. Ukingo nao uwe na urembo wa majani, feki nyingi zinaumbuka hapo.

Kama unataka iliyotengenezwa kwa ajili ya koloni lenyewe, tafuta nusu peni ya Virginia ya 1773, ya shaba, nzuri zipo nyingi sababu kuna shehena ilihifadhiwa bila kutumika. Na tafadhali usiisugue, ile rangi ya uzee ndo thamani yenyewe.