Kabla ya Usiku wa Kupandisha Toleo la Hifadhidata: Mambo ya Kuzingatia

Mradi wa PostgreSQL, programu ya kuendeshea hifadhidata, hutoa toleo kuu jipya kila mwaka, na kila toleo hufanyiwa marekebisho kwa muda wa miaka 5 kisha huachwa. Toleo la 12 lilifikia ukomo wake Novemba 2024, na la 13 likafuata Novemba 2025. Hata hivyo, wengi wetu tunaosimamia hifadhidata za vyama vya akiba na mikopo, zahanati, shule na kampuni ndogo tumewahi kukabidhiwa seva ambayo haijaguswa tangu siku iliposimikwa, na sababu huwa haijifichi: aliyeisimika ameshahamia kwingine, nyaraka hakuacha, na aliyebaki hataki kuwa mtu aliyeugusa mfumo siku ulipozimika. Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya huyo aliyebaki. Unahusu siku zinazotangulia kazi ya kupandisha toleo, yaani kuihamisha hifadhidata kutoka toleo la zamani kwenda jipya, kwa kuwa kazi yenyewe ni amri chache ambazo mtu anaweza kuzisoma katika mwongozo rasmi. Kinachowashinda watu ni maamuzi yaliyoachwa yasubiri mpaka saa tisa usiku, wakati ambapo aliye mbele ya kompyuta amechoka, yuko peke yake, na meneja hapokei simu.

Nianze na saa, jambo ambalo miongozo ya wageni haiwezi kulitaja. Katika taasisi moja niliyowahi kuifanyia kazi tulikubaliana kwa mdomo kwamba mfumo uzimwe saa nane usiku. Aliyepanga ratiba kwenye seva akaandika 20:00, na mfumo ukazimika saa mbili usiku, mawakala wakiwa bado wanapokea marejesho ya mikopo. Tangu hapo siamini ratiba yoyote isiyoandikwa kwa namna zote tatu: saa nane usiku kuamkia Jumapili, yaani 02:00 ya Jumapili, ambayo kwenye seva inayofuata UTC, yaani saa za kimataifa, ni 23:00 ya Jumamosi. Saa zetu za Afrika Mashariki ziko 3 mbele ya UTC mwaka mzima, bila kubadilika, lakini za mtoa huduma aliyeko Ulaya hubadilika Machi na Oktoba, hivyo ahadi yake ya kuwa macho nawe iandikwe kwa saa za UTC.

Tarehe nayo ichaguliwe kwa kuiuliza idara ya fedha kabla ya idara ya TEHAMA. Siku za mishahara, siku za kufunga hesabu za mwezi, na juma la kugawa gawio ziondolewe kwenye kalenda mapema. Kisha liulizwe swali ambalo mara nyingi husahaulika, nalo ni la fedha za simu: mwanachama anayelipa kwa M-Pesa saa nane na robo usiku hajui kwamba mmezima mfumo, na ujumbe wa kuthibitisha malipo yake utakuja na kukuta mlango umefungwa. Ni lazima mjue kwa maandishi kutoka kwa mtandao husika, au kwa kampuni inayowaunganisha nao, kwamba ujumbe huo utarudiwa mara ngapi na kwa muda gani, na muombe mapema taarifa ya miamala yote ya saa hizo ili asubuhi ilinganishwe na daftari lenu mstari kwa mstari. Asiyefanya hivyo atakutana na mwanachama huyo Jumatatu dirishani, akiwa ameshika simu yenye ujumbe unaosema amelipa.

Kuhusu nakala rudufu, au bekapu kama tuiitavyo kazini, kila mtu atakwambia anayo. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za programu mtandaoni, akihangaika usiku na seva mfuasi, ile inayonakili data ya seva kuu, iliyokuwa imebaki nyuma, alifuta saraka ya data akidhani yuko kwenye ile ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipogutuka na kuikatiza amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala, na baadaye ilieleza hadharani, kwa uungwana wa kupigiwa mfano, jinsi zilivyoiangusha. Ile ya pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kuchukua nakala, ilikuwa inashindwa kimyakimya kwa kuwa programu iliyokuwa ikiitwa ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, na barua pepe za kuonya kwamba kazi imeshindikana zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya diski nzima kama ilivyokuwa wakati huo (snapshot) ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa, na yote yaliyoandikwa ndani ya saa hizo yakapotea.

Kisa hiki husimuliwa sana kama onyo la kutofuta ovyo, lakini kwa anayepandisha toleo kiini chake ni zile namba mbili, 9.2 na 9.6. Programu ya pg_dump hukataa kuisoma seva iliyo ya toleo jipya kuliko lake. Maana yake ni kwamba ukipandisha toleo usiku wa Jumamosi na ukaisahau ile kazi ya kila usiku inayoita pg_dump ya zamani, basi kuanzia Jumapili huna bekapu mpya, na kama hakuna anayesoma maonyo utaligundua hilo siku unayoihitaji. Kwa hiyo kubadilisha kazi ya bekapu kuwe sehemu ya mpango wa usiku uleule. Ikumbukwe pia kwamba pg_dump huchukua hifadhidata moja bila watumiaji wa seva na nywila zao. Hao huchukuliwa na pg_dumpall kwa chaguo la --globals-only. Na nakala ihesabiwe kuwa ipo baada tu ya kurejeshwa kwenye mashine nyingine, idadi ya mistari ya majedwali makubwa kulinganishwa, na karani wa mikopo, ambaye si mtu wa kompyuta, kufungua akaunti ya mwanachama anayemfahamu na kusema salio analoliona ni sahihi. Dirisha la seva kuu nalo lipewe rangi yake kwenye skrini, nyekundu ikiwezekana, ili lisichanganywe na la seva nyingine. Ni jambo la dakika mbili.

Nakala iko wapi na itarudi kwa muda gani ni suala la hesabu. Gigabaiti 200 zikivutwa kupitia laini ya megabiti 100 kwa sekunde ambayo haitumiwi na mtu mwingine yeyote huchukua karibu saa 4 na nusu, na sijui ofisi yenye laini isiyotumiwa na mtu mwingine. Wengi huhifadhi nakala zao Ulaya, au Cape Town ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020, na hakuna ubaya, ila zisiwe nakala pekee. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Ilikuwa Jumapili, siku ileile tunayopenda kuichagua kwa kazi hizi. Nakala moja ikae kwenye diski iliyo ndani ya jengo, au angalau ndani ya mji, mahali ambapo mtu anaweza kuifuata kwa bodaboda.

Zoezi la majaribio lifanyike kwenye mashine iliyojengwa kwa nakala iliyorejeshwa, na lirudiwe mpaka muda wa kila hatua uandikwe kwa dakika. Amri ya pg_upgrade, ndiyo inayopandisha toleo, ina chaguo la --check linaloweza kuendeshwa seva ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, nalo hufichua mengi mapema, kwa mfano viendelezi kama PostGIS, cha data za ramani, ambavyo maktaba zake hazijasimikwa kwa toleo jipya. Anayelenga toleo la 18 ajue kwamba saraka mpya sasa huundwa ikiwa na hakikisho la kurasa za data (checksums), la kugundua data iliyoharibika kwenye diski, bila kuombwa, na pg_upgrade haikubali upande mmoja uwe nalo na mwingine usiwe nalo. Aamue mapema kama atalizima upande mpya au ataliwasha upande wa zamani kwa pg_checksums, kazi ambayo huitaka seva iwe imezimwa na huchukua muda kwenye diski kubwa.

Kuna mtego mmoja ambao kwa maoni yangu ni mbaya kuliko yote kwa sababu hautoi kosa lolote usiku wa kazi. Maktaba ya glibc, iliyo ya msingi katika mifumo endeshi mingi ya Linux, toleo lake la 2.28 la mwaka 2018, ilibadilisha kanuni za kupanga maneno, na mabadiliko hayo yaliingia katika Debian 10 na Red Hat 8. Ukiihamisha saraka ya data kama ilivyo kutoka mfumo endeshi wa kabla ya hapo kwenda wa baada ya hapo, faharasa za maneno (indeksi ambazo seva hutafutia data haraka) hubaki zimepangwa kwa kanuni za zamani huku seva ikizisoma kwa kanuni mpya. Matokeo yake ni mwanachama aliyemo kwenye jedwali lakini asiyeonekana akitafutwa kwa jina, au namba ya uanachama isiyopaswa kurudiwa ikakubaliwa mara mbili. Dawa yake ni kuzijenga upya faharasa hizo kwa REINDEX kabla mtumiaji yeyote hajaruhusiwa kuingia, na dawa bora zaidi ni kutobadilisha mfumo endeshi na hifadhidata usiku mmoja.

Lawama za Jumatatu kwamba toleo jipya ni zito nazo zina chanzo kinachojulikana. Kabla ya toleo la 18, pg_upgrade haikuhamisha takwimu ambazo seva huzitumia kuchagua njia ya kujibu maswali, na hata katika la 18 si zote zinazohamishwa. Amri ya vacuumdb yenye chaguo la --analyze-in-stages iwemo kwenye mpango, pamoja na dakika zake. Programu za zamani za kaunta zijaribiwe kuingia: tangu toleo la 14 nywila mpya huhifadhiwa kwa njia ya kuficha iitwayo scram-sha-256, na viunganishi vilivyozeeka vya programu hizo havijui kuzungumza nayo.

Sasa uamuzi wa kurudi nyuma. Njia ya --link ya pg_upgrade humaliza kwa dakika chache kwa kuwa hainakili mafaili, bali huyaunganisha yaleyale na saraka mpya. Bei yake ni kwamba seva mpya ikishawashwa, ile ya zamani haifai tena kuwashwa kwa usalama. Njia ya kunakili huhitaji nafasi ya diski karibu mara mbili na muda mrefu zaidi, lakini huiacha ya zamani salama. Kwa taasisi yenye gigabaiti chache na inayoweza kuzima mfumo kwa muda wa saa nne, sioni sababu ya kukimbilia ya kwanza. Lakini hata kwa njia ya kunakili kuna mpaka: mwanachama wa kwanza akishaweka fedha kwenye seva mpya, kurudi nyuma ni kumpotezea muamala wake. Kwa hiyo iandikwe saa kamili, tuseme saa kumi na moja alfajiri, yaani 05:00, ambayo ikifika bila majaribio yote kupita kazi inasitishwa na ya zamani inawashwa, bila mjadala na bila ile sauti ya ndani inayosema bado dakika kumi tu. Meneja atie sahihi kwenye saa hiyo kabla, ili asubuhi isionekane kuwa ni woga wa mtu mmoja.

Katika taasisi zetu nyingi msimamizi wa hifadhidata ni mtu mmoja, na huyohuyo ndiye anayeitwa printa inapokwama. Upungufu huo huzibwa na wenzetu wa taasisi nyingine, waliokwisha kupita njia hiyohiyo. Mpango mzima apewe mmoja wao ausome, mchana, juma moja kabla, naye aulize maswali ya kijinga; baadaye nawe utamsomea wa kwake. Kinachosomwa kiwe ni hatua, si data. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu 1 Mei 2023, na nchini Kenya sheria ya mwaka 2019 inaitaka taasisi inayohifadhi data imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data inapovuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu wanaohusika. Picha ya skrini yenye namba za simu za wanachama, ikitumwa kwa rafiki usiku kuomba msaada, ni uvujaji huohuo. Ile mashine ya majaribio nayo imebeba watu halisi: majina na namba zifichwe, au mashine ilindwe kama seva kuu kisha ifutwe.

Umeme nao ukaguliwe kwa macho: uniti za LUKU, dizeli ya jenereta, na betri iliyojaribiwa kwa kuuchomoa waya ukutani. Namba za simu ziwe kwenye karatasi, pamoja na ya mlinzi mwenye ufunguo wa chumba cha seva.

Pg_upgrade ikimaliza hukuachia hati fupi iitwayo delete_old_cluster.sh, ya kufuta saraka ya zamani, na diski iliyojaa hushawishi kuiendesha papo hapo. Isiwemo kwenye mpango wa usiku huo. Iwekewe tarehe yake kwenye kalenda, baada ya hesabu za mwezi kufungwa kwenye seva mpya na bekapu mpya kurejeshwa walau mara moja, na jina la mtu wa pili atakayekaa pembeni wakati inaendeshwa.