Somo: Ukaazi wa kudumu nje ya nchi kwa mtu wa Arusha au Moshi, hatua kwa hatua

Wakuu, somo hili ni la mtu anayetaka kuhama jumla. Anayekwenda kusoma na kurudi, au kutembelea ndugu, njia yake ni nyingine. Tutakaa zaidi kwenye Kanada kwa sababu mfumo wake, unaoitwa Express Entry na ulioanza mwaka 2015, una hesabu ambayo mtu anaweza kuipiga mwenyewe akiwa Sakina au Majengo kabla hajamlipa mtu yeyote hata shilingi. Nchi nyingine zitafuata kwa kifupi.

Tofautisha kwanza ukaazi wa kudumu na uraia, maana watu wengi wanavichanganya. Mwenye ukaazi wa kudumu anaishi na kufanya kazi huko bila mwisho, lakini anabaki Mtanzania mwenye pasipoti ya Tanzania. Uraia wa nchi nyingine ukiuchukua kwa hiari yako ukiwa mtu mzima, Sheria ya Uraia ya 1995 inakuondolea uraia wa hapa.

HATUA YA 1: Majina na tarehe

Anzia hapa, hata kabla ya kuchagua nchi. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo na cheti cha ndoa. Soma jina herufi kwa herufi. Kilimanjaro tatizo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: shuleni mtu aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la baba, NIDA akaandika majina matatu, pasipoti ikaja na jina la ukoo. Sisi tunaona ni mtu yuleyule. Ofisa aliye Ottawa anaona watu watatu.

Tofauti ndogo ya herufi au mpangilio inaelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa tofauti kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha pasipoti na NIDA zifuate jina hilo moja. Tarehe ya kuzaliwa ikipishana, anza kuirekebisha RITA au NIDA kulingana na ipi ina kosa, kisha usiiguse tena. Pasipoti ni shilingi 150,000, inadumu miaka 10, na inaombwa kupitia ofisi za Uhamiaji za mkoa. Omba baada ya kusawazisha majina. Ukitangulia kuomba, utailipia mara mbili.

Hati yoyote iliyo kwa Kiswahili itatafsiriwa na mfasiri anayetambulika. BAKITA hutoa huduma hiyo.

HATUA YA 2: Je, kazi yako inahesabika?

Hapa ndipo watu wengi wa Arusha wanapokwama, na ni afadhali ujue leo. Kanada imezipa kazi zote namba ya tarakimu tano. Tarakimu ya pili ndiyo daraja la ujuzi, kuanzia 0 hadi 5. Express Entry inapokea daraja la 0 hadi la 3 tu.

Mwongoza watalii ni 64320. Tarakimu ya pili ni 4, kwa hiyo hata miaka kumi na tano ya Serengeti haihesabiki. Mpishi wa kawaida wa loji ni 63200, anaingia. Mpishi mkuu ni 62200, anaingia. Fundi magari ni 72410, fundi umeme 72200, dereva wa lori kubwa 73300, muuguzi aliyesajiliwa 31301, msaidizi wa wauguzi 33102: wote wanaingia. Namba inachaguliwa kwa majukumu uliyofanya, cheo cha kwenye kitambulisho cha kazi hakitoshi.

Unahitaji angalau mwaka mmoja mfululizo, yaani saa 1,560 (saa 30 kwa wiki), ndani ya miaka 10 iliyopita. Neno "mfululizo" lina uzito kwa walio kwenye loji. Kama mkataba wako unakatika masika, Aprili na Mei, halafu unaandikwa upya Juni, una vipande vya miezi kumi kumi, huna mwaka. Tafuta kipindi ambacho mkataba haukukatika.

HATUA YA 3: Alama 67

Njia inayowafaa wengi walio Tanzania ni ya wafanyakazi wenye ujuzi. Inadai alama 67 kati ya 100: lugha hadi 28, elimu 25, uzoefu 15, umri 12, kazi iliyothibitishwa 10, na urahisi wa kuzoea 10.

Chukua mtu wa miaka 30, mwenye shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka minne. Umri 12, elimu 21, uzoefu 13. Jumla 46. Kiingereza chake kikiwa cha ngazi ya 7 kwenye kipimo cha Kanada anaongeza 16, anafika 62. Ameanguka. Akipata ngazi ya 8 anaongeza 20, anafika 66. Ameanguka kwa alama moja. Akipata ngazi ya 9 anaongeza 24, anafika 70, amepita. Mke au mume akiwa na Kiingereza cha ngazi ya 4 tu kilichopimwa, wanaongezewa 5. Ndiyo maana mwenzako naye afanye mtihani, hata kama hapendi.

HATUA YA 4: Mtihani wa Kiingereza

Fanya IELTS ya General Training. Ile ya Academic haipokelewi kwenye Express Entry, na kuna watu wamepoteza ada kwa kosa hili. Ngazi ya 7 ni 6.0 katika sehemu zote nne. Ngazi ya 9 ni 8.0 kusikiliza na 7.0 kusoma, kuandika na kuzungumza. Sehemu moja ikiwa chini, kiwango hakijatimia, wastani hausaidii. Wetu wengi huangukia kuandika na kusikiliza. Matokeo yanadumu miaka 2.

Baada ya kupita 67 unaingia kwenye mashindano, yenye alama 1,200, na Kanada huwaalika wenye alama za juu waombe ukaazi. Mtu wetu wa miaka 30, akiwa hana mwenza, kwa ngazi ya 7 anapata 331. Kwa ngazi ya 9 anapata 424, kwa sababu lugha inazidisha pia thamani ya shahada na uzoefu. Alama 93 kutokana na mtihani mmoja! Hakuna wakala anayeweza kukupa hizo.

Hata 424 mara nyingi haitoshi kwenye mialiko ya jumla. Ziada inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni kuteuliwa na jimbo, alama 600, ambayo inamaliza kazi. Ya pili ni Kifaransa: ngazi ya 7 katika sehemu zote inampa mtu wetu alama 62 zaidi, anafika 486, na pia anaingia kwenye mialiko ya wanaojua Kifaransa, ambayo huwa na kiwango cha chini. Machi 2025 mmoja uliishia alama 379. Alliance Française ipo hapa Arusha. Mwenye miaka 25 na subira ya miaka miwili, huu ndio ushauri wetu mzito kuliko wote.

Umri nao unakula alama. Kuanzia 30 unapoteza takribani alama tano kila mwaka, kisha zaidi baada ya 40.

HATUA YA 5: Elimu, barua na fedha

Shahada ya hapa inatathminiwa na taasisi iliyoidhinishwa na Kanada, kwa mfano WES. Chuo chako ndicho kinachotuma transkripti moja kwa moja; ukituma mwenyewe inakataliwa. Fuatilia ofisi ya msajili kwa miguu yako, maana ucheleweshaji mwingi uko hapo. Tathmini inadumu miaka 5.

Barua ya mwajiri iwe na nembo, cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara, majukumu makuu, sahihi na mawasiliano ya aliyeiandika. Barua ya mistari mitatu inayosema "alikuwa mfanyakazi mwaminifu" haina kazi. Ambatanisha mikataba, stakabadhi za mshahara na taarifa ya michango ya NSSF. Usinakili majukumu neno kwa neno kutoka tovuti ya Kanada. Maofisa wanayajua kwa moyo.

Fedha za kujikimu: kiwango kilichotolewa Julai 2025 ni dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja, 28,362 kwa familia ya wanne, na hubadilishwa kila mwaka. Barua ya benki ionyeshe tarehe ya kufungua akaunti, salio, wastani wa miezi sita na madeni. Mkopo wa SACCOS au fedha za shemeji zilizoingia wiki iliyopita vinaonekana mara moja. Nyumba na shamba havihesabiki mpaka viuzwe.

HATUA YA 6: Wasifu, mwaliko, siku 60

Wasifu unajazwa bure kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, unakaa miezi 12. Ukialikwa una siku 60 kutuma kila kitu. Kwa hiyo cheti cha tabia njema cha Polisi, na cha kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10, anza kukishughulikia mapema. Tangu Agosti 2025 vipimo vya afya vinafanyika kabla ya kutuma maombi, kwa daktari aliye kwenye orodha ya Kanada pekee. Majibu ya hospitali nyingine, hata iwe nzuri namna gani, hayapokelewi. Ada zilizowekwa Aprili 2024 zilikuwa dola za Kanada 1,525 kwa mtu mzima, 260 kwa mtoto, na 85 za alama za vidole, zinazochukuliwa Dar es Salaam. Panga nauli.

Ukisema uongo kwenye fomu unafungiwa miaka 5.

NCHI NYINGINE KWA KIFUPI

Ujerumani: mwenye ujuzi anaweza kupata ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya kazi, akiwa na Kijerumani cha B1. Uingereza: milango ya walezi wa wazee kutoka nje ilifungwa Julai 22, 2025, kwa hiyo anayeuza "kazi ya kulea wazee Uingereza" leo anauza hewa. Marekani: bahati nasibu ya green card ipo kisheria, hadi viza 55,000 kwa mwaka, lakini kwa tangazo la Desemba 2025 Tanzania imo kwenye nchi zilizozuiwa kwa sehemu, na viza za uhamiaji ni kati ya zilizozuiwa. Usimpe mtu fedha kwa ahadi ya Marekani kipindi hiki. Na aliyekujazia fomu steshenari zamani, mdai namba ya uthibitisho. Ni yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kuna ofisi mjini inauza barua ya kazi ya Kanada kwa milioni nane. Itaongeza alama?

Jibu: Hapana. Tangu Machi 25, 2025 barua ya kazi haiongezi alama kwenye mashindano ya Express Entry. Na ikiwa ya kughushi, unafungiwa miaka mitano. Anayekutoza fedha kukuwakilisha Kanada lazima awe mwanasheria wa huko au mshauri aliyesajiliwa. Mwombe namba ya usajili, uitafute mwenyewe kwenye rejista ya mtandaoni. Akikasirika, ondoka.

Swali: Mimi naongoza watalii miaka saba, nina miaka 33, diploma ya utalii ya miaka miwili. Ndiyo basi?

Jibu: Kwa Express Entry, kwa kazi hiyo, ndiyo basi. Angalia kadi ya fursa ya Ujerumani, iliyoanza Juni 2024. Diploma ya miaka miwili inayotambulika na serikali yetu, pamoja na Kiingereza cha B2 au Kijerumani cha A1, vinakufungulia mlango. Kisha unahitaji alama 6. Uzoefu wa miaka 5 ndani ya 7 ni alama 3, umri chini ya 35 ni 2, Kijerumani cha B1 ni 2. Ukifikia B1 unakuwa na 7; bila Kijerumani una 5, hazitoshi. Lakini ni kibali cha mwaka mmoja cha kutafuta kazi, si ukaazi wa kudumu, na kwa viwango vya 2025 unatakiwa uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi. Ruhusa ya kufanya kazi ni saa 20 kwa wiki unapotafuta. Ongeza Kijerumani kabla ya kuondoka.

Swali: Dada hapa, muuguzi, Moshi. Wakala anasema Uingereza wanachukua wauguzi moja kwa moja kutoka Tanzania.

Jibu: Dada, Tanzania iko kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, na kanuni za Uingereza zinakataza mwajiri au wakala kuja kuwinda wauguzi hapa. Wewe mwenyewe kuomba hukatazwi: IELTS ya Academic, 7.0 na kuandika 6.5, mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo huko. Kwa Kanada, ukaazi na leseni ni vitu viwili. Unaweza kupata ukaazi bila leseni, lakini huwezi kugusa mgonjwa kama muuguzi mpaka vyeti vyako vitathminiwe na upite mtihani wa leseni wa NCLEX.

Swali: Nina mtoto niliyempata kabla ya ndoa, anaishi kwa bibi yake Rombo. Mume hajui. Nimwandike?

Jibu: Mwandike. Wanafamilia wote wanaorodheshwa na kupimwa afya, hata asiyesafiri. Mtoto uliyemficha, kanuni zinamfungia kudhaminiwa nawe baadaye, na kulifungua hilo ni shughuli nzito sana. Zungumza na mume kabla ya kujaza fomu.

Swali: Tumelipa mahari, tuna miaka mitatu pamoja, hatujafunga ndoa. Tunaomba kama nani?

Jibu: Kanada inatambua wenza walioishi pamoja mwaka mzima. Mtahitaji ushahidi: mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya pamoja, bima, barua za mtendaji wa mtaa. Mkiweza kufunga ndoa na kupata cheti, kazi inakuwa rahisi zaidi.

Swali: Kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, nitakipoteza?

Jibu: Ukiwa na ukaazi wa kudumu, hapana, bado ni raia. Ukichukua uraia wa huko, Sheria ya Ardhi ya 1999 inakuona si raia, na asiye raia hapati ardhi ila kwa uwekezaji. Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa kuanzisha hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania. Inalegeza baadhi ya mambo, lakini si uraia. Kanada haikulazimishi kuwa raia. Inataka ukae huko siku 730 katika kila miaka mitano ili ukaazi usipotee. Ukitaka uraia ni siku 1,095. Kaeni kama familia mzungumze kihamba kabla hujajaza fomu ya uraia.