Gari la Chakula Mjini Kigoma: Kuchagua Muundo wa Kisheria Ukiwa Ughaibuni

Mtu anayeishi Kigoma na kutaka kuuza ugali wa muhogo, migebuka na dagaa wa kukaangwa kutoka kwenye gari lililogeuzwa jiko hana haja ya kuumiza kichwa kuhusu muundo wa kisheria wa biashara yake. Atasajili jina la biashara, atachukua TIN, ataomba leseni ya manispaa na kuanza kazi. Wewe uliyeko Doha, Toronto au Manchester, unayetuma fedha ili gari hilohilo liegeshwe Mwanga au Kibirizi, una tatizo ambalo yeye hana: haupo. Kadi ya gari itaandikwa jina la nani, leseni itatoka kwa jina la nani, na fedha za mauzo ya jioni zitaingia kwenye simu ya nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua muundo unaokufaa. Ada za usajili zisikuchukulie muda, kwa sababu ni ndogo.

Usajili hufanywa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, kupitia mfumo wake wa mtandaoni, na Mtanzania anayeutumia hana budi kuwa na namba ya utambulisho ya NIDA. Kama uliondoka nchini kabla ya kuandikishwa, anza na hilo utakapokuja likizo.

Jina la biashara, linalosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na gharama yake ni takriban shilingi 20,000. Lakini jina hilo si mtu mbele ya sheria. Mteja akidhurika kwa chakula, au mtungi wa gesi ukaunguza kibanda cha jirani, anayedaiwa ni wewe mwenyewe, pamoja na kiwanja chako cha Gungu ambacho hakihusiani na samaki hata kidogo. Tatizo la pili ni kodi, na hili wengi huligundua wakiwa wamekwisha kuanza. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi kwa mauzo ghafi, yaani mauzo yote kabla ya kutoa gharama. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kiwango cha asilimia 3.5 kwa mauzo yaliyo juu ya milioni 11. Nafuu hiyo ni ya mtu binafsi aliye mkaazi wa Tanzania, na ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara iliyoko nchini. Asiye mkaazi hutozwa asilimia 30 ya faida tangu shilingi ya kwanza.

Wapo wanaojitetea kwamba wao ni wakaazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, mtu huhesabiwa mkaazi akiwa na makazi ya kudumu nchini na akawepo walau sehemu ya mwaka husika, au akikaa nchini siku 183 au zaidi, au akiwa na wastani wa zaidi ya siku 122 katika mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Mwenye nyumba yake Ujiji anayekuja kila Desemba anaweza kuwa na hoja. Hata hivyo, hoja hiyo haimfikishi mbali, kwa kuwa mshahara anaoupata ughaibuni unamwondoa kwenye mfumo wa mauzo ghafi, na juu ya hapo anakuwa amejitangaza mkaazi, ambaye kwa kawaida mapato yake ya nje nayo huingia kwenye hesabu.

Kwa sababu hiyo, njia inayotumiwa zaidi ni kuandikisha kila kitu kwa jina la ndugu aliyeko Kigoma. Kikodi, njia hiyo ina mantiki. Tuseme gari linauza milioni 60 kwa mwaka na kubakiza faida ya milioni 12. Mdogo wako aliye mkaazi, kwa kiwango cha asilimia 3.5, atalipa 2,100,000. Kampuni yenye faida hiyohiyo italipa asilimia 30, yaani 3,600,000, na ikigawa milioni 8.4 zinazosalia kama gawio, yaani mgao wa faida kwa wanahisa, itakata asilimia 10 nyingine, yaani 840,000, jumla 4,440,000. Tofauti ni 2,340,000, na bado hujamlipa mhasibu. Viwango vya kodi huweza kubadilika kila Julai, kwa hiyo kokotoa upya kabla ya kuamua. Hata hivyo, pengo ndivyo linavyokaa.

Kile ambacho hesabu hiyo haionyeshi ni kwamba gari sasa ni la mdogo wako. Si kwamba atakudhulumu. Ndugu wengi ni waaminifu, na mazungumzo yanayoanza kwa kumshuku mtu huharibu udugu kabla ya biashara. Jambo lenyewe ni kwamba maisha yake yana mambo yake. Akikopa benki na kushindwa kulipa, mdai wake ataliangalia gari kama mali ya mkopaji. Akitalikiana na mkewe, gari litahesabiwa. Akifariki, linaingia kwenye mirathi yake, na shemeji yako atakuwa na haki ya kumwambia msimamizi wa mirathi kwamba kadi ya gari ina jina la marehemu, na kwamba risiti za fedha ulizotuma kwa simu hazisemi kama zilikuwa mtaji, mkopo au msaada wa ada za watoto. Mahakama haiwezi kusoma nia yako.

Ikiwa bado unataka njia hiyo, na kwa mtaji mdogo naiona kuwa halali na ya busara, basi ikubali kwa jina lake halisi: umemkopesha ndugu yako. Andikeni mkataba wa mkopo usio na riba unaotaja kiasi, namna ya kurejesha, na gari kuwa dhamana; usainiwe mbele ya wakili, na ushuru wa stempu ulipwe, kwani hati inayopaswa kulipiwa ushuru huo isipolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe. Biashara inakuwa yake kwa moyo mmoja, nawe unabaki mdai mwenye karatasi.

Ubia nitaupitia haraka, kwa sababu siushauri. Masharti yake yamo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kila mbia huwajibika kwa madeni ya ubia wote. Aliyeko mbali huwajibika kwa mchele uliokopwa na mwenzake bila yeye kujua. Ubaya zaidi ni kwamba ubia unaweza kuzaliwa bila kusajiliwa: watu wawili wakifanya biashara pamoja kwa makubaliano ya kugawana faida, sheria inaweza kuwaona wabia hata kama hawakuandika chochote.

Inabaki kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa, chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Kwa mtu ambaye hatakuwepo, na ambaye mtaji wake unatosha kununua gari na kulifunga jiko, huu ndio muundo ninaoupendelea, licha ya kodi yake. Kampuni ni mtu kisheria: inamiliki gari, inaajiri, inashtakiwa yenyewe, na haifi mwanahisa anapofariki. Kwa kawaida mtakuwa wanahisa wawili au zaidi, na hapo ndipo penye kazi ya kufikiri. Maamuzi ya kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, lakini kubadili katiba ya kampuni kunahitaji robo tatu. Mwenye asilimia 60 anaweza kumwondoa mkurugenzi, ila hawezi kubadili katiba bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye asilimia 80 anaweza yote mawili. Ndugu anayeendesha biashara apewe hisa zake waziwazi, tuseme 20 kati ya 100, na alipwe pia mshahara kama mwajiriwa, kwa maana faida huenda isionekane mwaka wa kwanza naye anahitaji kula. Mshahara huo unaambatana na michango ya NSSF, ambayo ni asilimia 20, na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

BRELA itataka pia kujua wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya hisa. Sharti hili liliingizwa mwaka 2020, hivyo kuweka jina la mtu mwingine kama pazia ni kutoa taarifa ya uongo serikalini. Kila mwaka kampuni huwasilisha taarifa zake za mwaka BRELA na ritani ya kodi TRA, hata ikiwa gari lilikaa gereji miezi kumi.

Baada ya usajili, yafuateni mambo matatu ambayo, nionavyo, yana uzito kuliko cheti chenyewe. Kadi ya gari iandikwe jina la kampuni tangu ushuru unapolipwa bandarini. Akaunti ya benki iwe na watia saini wawili, mmoja akiwa wewe. Na Lipa Namba iliyobandikwa dirishani mwa gari isajiliwe kwa kampuni, kamwe isiwe ya laini ya mpishi, kwani wateja wengi siku hizi hulipa kwa simu, na mali bila daftari huisha bila habari. Pale ambapo mtu atasaini kwa niaba yako, mpe hati ya uwakilishi inayotaja kazi mahsusi, iliyothibitishwa ubalozini au mbele ya mthibitishaji wa huko uliko; hati inayoruhusu "mambo yote" inaruhusu pia kuuza.

Leseni hutolewa na halmashauri, na huombwa kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Tausi. Sheria huifunga leseni na mahali pa biashara, jambo linaloleta ugumu kwa biashara yenye magurudumu: leseni ya Manispaa ya Kigoma Ujiji haikuruhusu kuuza Mwandiga, ambako ni Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Eneo la stesheni ni la Shirika la Reli, bandarini ni kwa Mamlaka ya Bandari, na kandokando ya barabara kuna wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, kwa hiyo pata ridhaa ya maandishi ya mwenye eneo kabla ya kuomba. Ukaguzi wa bwana afya, upimaji wa afya za wahudumu, cheti cha Zimamoto na masharti ya Shirika la Viwango, TBS, iliyokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, havibadiliki kwa kubadili muundo. Kitambulisho cha machinga hakikufai. Kiliwekwa kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4.

Kama umechukua uraia wa nchi nyingine, fahamu kwamba Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, na kwamba agizo la Julai 2025 liliwazuia wasio raia kufanya biashara 15, ikiwemo ya jumla na rejareja. Raia anayewasaidia kukwepa naye anatozwa faini. Kupika na kuuza chakula hakukutajwa kwa jina, lakini pata ushauri wa wakili kuhusu hadhi maalumu ya wanadiaspora, ambayo Bunge liliipitishia marekebisho ya sheria mwanzoni mwa 2025. Mkenya au Mrundi atahitaji kibali cha ukaazi cha daraja A.

Kampuni hulipa kodi ya makadirio kwa awamu nne. Usiikadirie kwa mauzo ya Desemba ukadhani ndiyo mwaka mzima: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na jiko linalotegemea migebuka lilipaswa kubadili menyu au kupunguza mauzo. Makadirio yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka. Mwagize mhasibu afanye hivyo mapema.

Mwisho, angalia sheria ya nchi unakoishi kabla ya kukubali asilimia 80. Mkaazi wa Marekani anayemiliki sehemu kubwa ya kampuni ya nje hutakiwa kuwasilisha fomu 5471, na adhabu ya kutoiwasilisha huanzia dola 10,000. Akiwa mtia saini wa akaunti za nje ambazo jumla yake ilizidi dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka, ana taarifa nyingine ya kupeleka. Tanzania ina mikataba ya kuepusha kutozwa kodi mara mbili na Kanada, Sweden, Norway, Denmark na nyinginezo, lakini haina na Marekani wala Uingereza, hivyo walioko huko watunze hati za kodi ya zuio iliyokatwa kwenye gawio ili wazioneshe kwa mamlaka ya kodi ya huko.