Somo: Kutengeneza diski ya kudumu kwenye Google Cloud kwa amri za gcloud

Diski ya kudumu (persistent disk) ina uhai wake, haitegemei mashine uliyoiunganisha nayo. Mashine ikizimwa au hata ikifutwa, data inabaki mpaka uifute diski yenyewe. Kwa hiyo data ya hifadhidata na mafaili ya watumiaji yakae kwenye diski ya peke yake. Diski ya kuwashia mashine kwa kawaida hufutwa pamoja na mashine, na data yako itaondoka nayo.

Kuitengeneza ni amri moja ya `gcloud`, zana ya kuendesha Google Cloud kwa kuandika amri. Kazi yenyewe iko kabla na baada ya amri hiyo.

Kabla ya kuitengeneza

Jina, zoni na aina ya diski havibadilishwi tena baadaye. Ukubwa unaongezwa, haupunguzwi. Ukikosea chochote kati ya hivyo, itabidi utengeneze diski nyingine na kuhamisha data, basi chukua muda kidogo hapa.

Zoni ya diski lazima iwe ileile ya mashine. Kanda (region) ni eneo lenye zoni kadhaa, na kuwa kanda moja hakutoshi: diski iliyoko europe-west1-b haiungani na mashine iliyoko europe-west1-c. Angalia safu ya ZONE:

`gcloud compute instances list`

Aina zinazotumika sana ni tatu. `pd-standard` ni ya bei nafuu na ya polepole, inafaa kumbukumbu na nakala rudufu. `pd-balanced` inatosha kwa kazi nyingi. `pd-ssd` ni ya hifadhidata yenye shughuli nyingi. Usipotaja aina, amri ya kutengeneza diski inakupa `pd-standard`, na hapo ndipo wengi huanza kulalamika kwamba seva ni nzito. Kasi ya diski hizi hupanda kadiri ukubwa unavyopanda. `pd-standard` hutoa usomaji 0.75 kwa sekunde kwa kila GB, maana yake diski ya GB 200 inaishia kwenye usomaji 150 kwa sekunde. Hifadhidata yenye watumiaji itakwama hapo hata kama nafasi imejaa nusu tu.

Jina liwe la herufi ndogo, tarakimu na vistari, lianze kwa herufi, lisizidi herufi 63.

Hatua ya 1: kutengeneza

`gcloud compute disks create diski-data --size=200GB --type=pd-balanced --zone=europe-west1-b`

Ukiambiwa kwota (kikomo cha matumizi) ya `SSD_TOTAL_GB` imezidi, fahamu kwamba `pd-balanced` nayo inahesabiwa humo pamoja na `pd-ssd`. Omba nyongeza ya kwota ya kanda hiyo, au futa diski zisizotumika. Malipo yanaanza pale diski inapozaliwa, na unalipia ukubwa uliouomba, si nafasi uliyoijaza.

Hatua ya 2: kuiunganisha na mashine

`gcloud compute instances attach-disk seva-1 --disk=diski-data --device-name=data --zone=europe-west1-b`

Usiiache `--device-name`. Kwa kuiandika, ndani ya Linux diski itaonekana kama `/dev/disk/by-id/google-data`, na njia hiyo haibadiliki. Majina kama `/dev/sdb` yanaweza kubadilishana mashine inapowashwa upya, hasa ikiwa na diski zaidi ya moja ya ziada.

Hatua ya 3: kufomati

Hii ndiyo hatua inayoweza kuteketeza data. Ingia kwenye mashine, kisha kabla ya yote endesha:

`sudo blkid /dev/disk/by-id/google-data`

Isipoandika kitu, diski ni tupu, endelea. Ikiandika `TYPE="ext4"` au mfumo mwingine wowote wa mafaili, simama hapo hapo: diski ina data. Kama ni tupu:

`sudo mkfs.ext4 -m 0 -E lazy_itable_init=0,lazy_journal_init=0,discard /dev/disk/by-id/google-data`

Hiyo `-m 0` ina faida unayoiona kwa macho. Ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu, na kwenye GB 200 hizo ni GB 10 unazozilipia bila programu zako kuzigusa. Kwenye diski ya data hazihitajiki. Hizo chaguo mbili za `lazy` zinafanya kazi yote ya kuandaa diski ifanyike sasa, isije ikaendelea chinichini wakati hifadhidata imeshaanza kuandika.

Hatua ya 4: kuipachika (mount) kwenye folda

`sudo mkdir -p /mnt/disks/data`
`sudo chattr +i /mnt/disks/data`
`sudo mount -o discard,defaults /dev/disk/by-id/google-data /mnt/disks/data`

Mstari wa `chattr` hauko kwenye maelekezo mengi, lakini usiuruke. Unalifunga folda lenyewe likiwa bado tupu. Siku diski isipopachikwa, programu itapata kosa badala ya kuandika kimyakimya kwenye diski ya kuwashia mashine mpaka ijae. Diski ikishapachikwa juu yake, uandishi unaendelea kama kawaida.

Mwisho mpe mtumiaji wa programu umiliki, kwa mfano `sudo chown postgres:postgres /mnt/disks/data`. Usifungue ruhusa kwa kila mtu.

Hatua ya 5: ijipachike yenyewe kila mashine inapowaka

Chukua UUID (utambulisho wa mfumo wa mafaili) iliyotolewa na `blkid` (sasa itaandika kitu), kisha ongeza mstari huu kwenye `/etc/fstab`, faili la orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka:

`UUID=weka-uuid-yako /mnt/disks/data ext4 discard,defaults,nofail 0 2`

Bila `nofail`, diski ikikosekana mashine inaweza kuishia kwenye hali ya dharura na SSH isifunguke. Ujaribu mstari huo sasa, usisubiri kuwasha upya:

`sudo umount /mnt/disks/data && sudo mount -a && df -h /mnt/disks/data`

Utaona kama 196G, si 200G. Usiogope, tofauti hiyo ni kumbukumbu za ndani za ext4.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Diski yangu imeanza kujaa. Naweza kuongeza bila kuzima seva?

Jibu: Ndiyo. Kwanza upande wa wingu: `gcloud compute disks resize diski-data --size=300GB --zone=europe-west1-b`. Kisha ndani ya mashine: `sudo resize2fs /dev/disk/by-id/google-data`. Wengi husahau ya pili, halafu wanaona `df` bado inaonyesha ukubwa wa zamani. Kama ulifomati kwa XFS (mfumo mwingine wa mafaili), tumia `sudo xfs_growfs /mnt/disks/data`. Piga snapshoti (nakala ya diski ilivyo wakati huo) kabla ya kuanza.

Swali: Nimekosea zoni na data imeshaingia. Nifanyeje?

Jibu: Simamisha programu, toa diski kwa `umount`, halafu:

`gcloud compute disks snapshot diski-data --snapshot-names=data-kuhama --zone=europe-west1-b`
`gcloud compute disks create diski-data-c --source-snapshot=data-kuhama --type=pd-balanced --zone=europe-west1-c`

Iunganishe na mashine ya zoni mpya, usiifomati, pachika tu. Njia hiyohiyo inatumika kubadili aina ya diski. Ya zamani ifute baada ya kuhakiki data, maana inaendelea kulipiwa hata ikiwa haijaunganishwa popote.

Swali: Nimetengeneza diski kutoka kwenye snapshoti nikaiunganisha na mashine ileile yenye diski ya awali. Baada ya kuwasha upya, data inayoonekana ni ya zamani!

Jibu: Diski iliyotoka kwenye snapshoti inabeba UUID ileile, kwa hiyo fstab imechukua mojawapo. Toa zote mbili kwa `umount`, kisha ipe nakala UUID mpya: `sudo e2fsck -f` ikifuatiwa na `sudo tune2fs -U random`, kila moja pamoja na njia ya `by-id` ya nakala. Hakikisha mara mbili kwamba ni ya nakala kweli.

Swali: Mashine yangu ni ya N4, inakataa `pd-balanced`.

Jibu: Mashine za aina ya N4 na C4 hazipokei diski za familia ya `pd`, zinataka Hyperdisk, familia nyingine ya diski za Google Cloud. Tengeneza kwa `--type=hyperdisk-balanced`. Hatua nyingine zote ni zilezile, ila kwenye `lsblk` utaona majina kama `nvme0n2` badala ya `sdb`.

Swali: Nikifuta mashine, hii diski ya ziada itabaki?

Jibu: Ukiiunganisha kwa `attach-disk` kama hapa, itabaki. Ili kuhakikisha, endesha:

`gcloud compute instances set-disk-auto-delete seva-1 --disk=diski-data --no-auto-delete --zone=europe-west1-b`

Ifanye kabla ya kufuta mashine, kwa sababu diski ikishafutwa hairudi, labda uwe na snapshoti.