Upande wa Kukaushia wa Mashine ya Tangi Mbili Ukigoma: Kagua Haya Kabla ya Kununua Mota

Mashine ya kufulia ya tangi mbili ikiacha kukausha, jibu la haraka kwa mafundi wengi ni "mota imeungua". Mara nyingi mota ni nzima kabisa. Kilichoharibika ni kapasita (kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), waya wa breki au swichi ya kifuniko, na hivyo vyote ni vya bei ndogo ukilinganisha na mota.

Weka taima ya kukaushia, funga kifuniko, kisha sikiliza. Sauti ndiyo itakayokuelekeza. Baada ya hapo chomoa plagi ukutani, na isirudi hadi umalize kukagua.

Kama ni kimya kabisa ilhali upande wa kufulia unafanya kazi, anza na swichi ya kifuniko iliyo chini ya paneli ya juu. Ina vibati viwili vinavyogusana kifuniko kinapofungwa. Unyevu wa sabuni huvitia kutu, au cheche huviunguza vikawa vyeusi. Visugue kwa msasa laini, halafu pima kwa multimita (kipima umeme) iliyowekwa kwenye alama ya mlio: kifuniko kikifungwa ilie, kikifunguliwa inyamaze. Swichi ikiwa sawa, pima taima kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa mashine ilinyamaza katikati ya kazi nzito, iache ipoe saa nzima kwanza, maana mota nyingi zina kinga ya joto inayokata umeme zikichemka.

Wapo wanaounganisha nyaya za swichi moja kwa moja ili mashine ifanye kazi. Usikubali kabisa. Kikapu huzunguka mara 1,300 hivi kwa dakika, na mtoto akiingiza mkono humo huvunjika. Nunua swichi mpya.

Mota ikiunguruma bila kikapu kuzunguka, zima mara moja, kwani kuiacha hivyo ndiko kunakoiunguza kweli. Angalia kwanza kama kuna soksi au leso iliyozama kati ya kikapu na tangi. Hutokea sana kwa wasioweka ile sahani ya plastiki juu ya nguo. Ivute kwa waya uliokunjwa ncha.

Kisha fungua mfuniko wa nyuma uangalie breki. Juu ya mota kuna kipande cha duara kinachoshika mhimili wa kikapu, na pembeni yake kiatu cha breki kinachovutwa na waya mwembamba kutoka kwenye kifuniko. Mtu mmoja afunge na kufungua kifuniko huku wewe ukitazama. Kikifungwa, kiatu lazima kiachie na kikapu kizunguke kwa mkono bila kukwama. Waya ukilegea, kiatu hubaki kimegusa; hapo utasikia harufu ya mpira unaoungua. Ukaze kwa kuusogeza tundu moja kwenye ncha yake. Ukikatika, badilisha.

Breki ikiachia vizuri na mota bado inaunguruma tu, mshukiwa ni kapasita. Itoe umeme kwanza kwa kugusisha ncha zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Iliyovimba au kuvuja haina haja ya kupimwa. Soma namba kwenye ganda lake: ya kukaushia huwa takriban mikrofaradi 5, volti 450. Zenye nyaya tatu hubeba ya kufulia na ya kukaushia kwa pamoja. Nunua yenye namba zile zile, wala usiongeze kwa kudhani itapata nguvu zaidi.

Mota ikizunguka lakini kikapu kimetulia, boliti za kile kipande cha duara zimelegea. Zikaze kwa spana.

Kikizunguka polepole na nguo zikatoka zimelowa, tazama bomba la maji machafu. Mashine hizi nyingi hazina pampu. Maji hushuka yenyewe, hivyo bomba likiinuliwa au likikunjwa, maji hujaa chini ya kikapu na kukikaba. Lilaze chini.

Kelele za kugonga husababishwa na nguo zilizorundikwa upande mmoja. Zipange sawasawa, zikandamize, weka sahani. Ikiendelea kugonga, chunguza springi tatu zinazobeba mota.

Maji yakidondokea mota, sili ya mpira chini ya tangi imechanika. Acha kutumia mashine siku hiyo hiyo: hapo ndipo mota huungua kweli, na ndipo watu hupigwa na shoti.