SOMO: Namna ya kupata kilti bora ya tartani ya jeshi

Wadau, naliweka somo hili hapa ili likae. Kilti ni ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, na tartani ni kitambaa chake cha mistari inayokatana. Kila mashindano ya bendi za zumari za mfuko yakikaribia, napokea swali lile lile: "Kaka, kilti nzuri ya Black Watch naipata wapi?" Duka ni jambo la mwisho. Ukijua kukagua kitambaa na marinda, hata kwenye mtumba utaokota kilti ya kudumu. Usipojua, hapo hapo Edinburgh utauziwa sketi ya watalii. Nimeishi Glasgow na kupuliza zumari kwenye bendi muda wa kutosha kuyaona yote mawili.

Hatua ya 1: Jua tartani unayoitaka. Nyingi za kijeshi zimejengwa juu ya moja, ile ya Serikali: buluu iliyokolea, kijani na nyeusi. Hiyo ndiyo watu wanaiita Black Watch, kwa jina la kikosi cha Uskoti kilichoivaa. Vikosi vingine vya Uskoti navyo vilikuwa na vyao. Gordon Highlanders wakaongeza mstari wa njano. Seaforth wakavaa ya Mackenzie, yenye mistari myeupe na myekundu juu ya msingi ule ule. Argyll and Sutherland walikuwa na ya Serikali ila rangi zake ni za mwangaza zaidi. Cameron Highlanders wao walikuwa na Cameron of Erracht, ambayo haikutoka kwenye msingi huo. Daftari rasmi la tartani la Uskoti, lililofunguliwa 2009, liko mtandaoni na kulitafuta ni bure. Angalia humo kabla ya kumwamini muuzaji. Ukiona muuzaji ameandika "Ancient" (ya kale), maana yake rangi zimepaushwa zifanane na za mimea. Si umri wa tartani.

Hatua ya 2: Kitambaa. Sufu tupu, si akriliki, si polista. Uzito aunsi 16 kwa yadi ukiweza, aunsi 13 kama unaishi kwenye joto. Za jeshi zenyewe zilikuwa nzito zaidi ya hapo. Uzito ndio unaofanya rinda lirudi mahali pake ukisimama. Kisha angalia ukingo wa chini: kilti halisi haina upindo. Ule ni ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka kwenye mtambo wa kufumia. Ukiona chini pamekunjwa na kupigwa cherehani, rudisha.

Hatua ya 3: Geuza uone nyuma. Kilti kamili hula yadi 8, yaani mita 7 na kitu, na karibu zote zimelala kwenye marinda. Kilti za kiraia kwa kawaida hupangwa marinda ili mchoro wa mbele ujirudie nyuma. Jeshini hupangwa kwa mstari: kila rinda linabeba mstari ule ule katikati. Kwenye Gordon utaona nyuma kumejaa michirizi ya njano iliyosimama wima, na mtu akipiga hatua, buluu na kijani vinachungulia katikati yake. Argyll ni marinda ya boksi, yaani yaliyokunjwa pande zote mbili, na kijani ndicho kinachotangulia. Kwa hiyo unapoagiza, taja mpangilio kwa maandishi. Mistari ya kulala nayo ikutane rinda kwa rinda bila kupanda na kushuka. Ndani kuwe na turubai ya kubeba uzito, na sehemu ya juu ya marinda iwe imeshonwa kwa mkono.

Hatua ya 4: Vipimo. Hapa someni polepole. Kilti yangu ya kwanza ilikwama hapa, na nimeona wengine wengi wakikwama hapa hapa. Usitoe namba ya suruali. Kilti inakaa juu ya mfupa wa nyonga, usawa wa kitovu, na kiuno cha pale si kile cha mkanda wa suruali. Mtu mwingine akupime, wewe ukiwa umesimama wima unatazama mbele. Ukiinama kutazama kamba ya kupimia, urefu umebadilika. Pima kiuno, pima makalio pale yalipojaa zaidi, kisha urefu kutoka pale kilti itakapofungwa hadi katikati ya kifupa cha goti. ONYO: kwa kuwa hakuna upindo, kilti fupi hairefushwi. Ndefu nayo kuipunguza ni kufumua juu na kushona upya, na hiyo bei yake itakuliza. Fundi asiyekuuliza kipimo cha makalio, achana naye.

Hatua ya 5: Nunua. Kilti mpya ya kushonwa kwa mkono Uskoti ni pauni mia kadhaa. Ya pauni 50 ni akriliki, haina muujiza. Njia ya katikati ni mtumba wa jeshi: tafuta muhuri ndani kwenye bitana wenye jina la kiwanda, mwaka, na alama ya mshale mpana wa jeshi la Uingereza. Inyanyue kwenye mwanga, kila tundu la nondo litaonekana.

Hatua ya 6: Ikifika, vaa, piga magoti mgongo ukiwa umenyooka. Ukingo usiguse sakafu. Uache nafasi ya vidole viwili hivi.

MASWALI

Mdau_Mpya: Bei gani mkuu?

Hatua ya 5.

Mdau_Mpya: Sawa, na saizi yangu ya suruali ni 34, niagize ngapi?

Rudi hatua ya 4, uisome yote.

Bingwa255: Mimi nina ya akriliki mwaka wa pili huu na iko poa. Mnatutisha tu na sufu zenu.

Kama unaivaa kwenye sherehe mara moja moja, ivae kwa amani. Somo linasema kilti bora. Simama nayo dakika tano kwenye mvua ya Glasgow, halafu njoo utuambie marinda yako wapi.

Mpulizaji_Muscat: Shukrani kaka. Huku kwetu zumari za mfuko tunazijua, majeshi ya Oman yana wapigaji, wengine wanapiga wakiwa juu ya ngamia. Joto la huku aunsi 16 si kujitesa?

Swali zuri sana hili. Chukua aunsi 13, usishuke chini ya hapo, na uliza kuhusu marinda ya boksi ya yadi 4 au 5. Yanahitaji kitambaa kidogo, nyuma kunapata hewa, na bado ni mtindo wa zamani unaoheshimika. Ukipata sampuli za kitambaa nitumie picha zikiwa juani, nitakusaidia kuchagua.

Mjukuu_wa_Nyeri: Naomba niulize kwa heshima. Babu yangu hakupenda kabisa jina Black Watch. Kuna sababu?

Pole, na asante kwa kuuliza. Kikosi cha kwanza cha Black Watch kilitoka vita vya Korea kikaletwa Kenya 1953, wakati wa hali ya hatari, kupambana na Mau Mau. Kilikaa hadi 1955. Wakati huo kilti ilikuwa vazi la gwaride, lakini jina ni lile lile. Ukitaka kuvaa kilti na hilo linakuumiza, hulazimiki kuvaa hiyo. Nami nikiulizwa na Mkenya, kuanzia leo nitalisema hili kabla ya kumshauri kununua.

Dada_Leeds: Je, raia anaruhusiwa kuvaa tartani ya jeshi?

Ndiyo dada, Black Watch inavaliwa na yeyote. Usivae beji ya kikosi wala ule unyoya mwekundu wa kofia kama hukukitumikia kikosi hicho.

Fundi_Mbagala: Naweza kushona kwa shuka ya Kimasai?

Nyingi ni akriliki na nyepesi, rinda halitakaa. Ila kwa kujifunzia kupanga marinda ni nzuri kabisa: mistari yake inakuonyesha papo hapo ukikosea. Anza nayo, na utuwekee picha.

Dada_Leeds: Nimepata ya mtumba, ina nondo. Niitupe?

Usitupe! Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke kwenye friza wiki mbili, itoe, ipige brashi kila rinda mpaka ndani. Matundu madogo yanazibika kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye kitambaa kilichofichika ndani ya marinda, rangi itaoana yenyewe.

Fundi_Mbagala: Na kuisafirisha isikunjamane?

Laza marinda, yashike kwa uzi wa kupiga bandi, kisha ikunje kama mkeka kuanzia upande mmoja hadi upande mwingine, uiingize ndani ya soksi ndefu ya zamani uliyoikata sehemu ya wayo.